Spreya ya chumba ya kutengeneza nyumbani: maji, spiriti au polisobeti?

MamaTabata:
Habari za jioni wadau. Tangu masika yaanze nyumba yangu inanuka unyevunyevu, mapazia, makochi, mpaka kabati la nguo. Ea freshna za kopo zinanichoma koo, nimeamua nitengeneze yangu. Mafuta ya mchaichai na ya mkaratusi ninayo tayari, kesho asubuhi napita Kariakoo kuchukua chupa na vitu vingine. Nimeambiwa njia tatu, kuna mafuta na maji tu unatikisa, kuna mafuta na spiriti, na kuna ile dawa ya kuunganisha mafuta na maji wanaiita polisobeti. Ipi bora?

FundiManukato:
Dada hujasema ya muhimu. Unapuliza hewani au kwenye kitambaa? Ndani kuna mtoto mchanga, mwenye pumu, paka? Na hayo mafuta ni ya mmea kweli au manukato ya dukani? Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe uliache usiku kucha, likiacha doa la kung'aa kama la chapati ujue yamechanganywa na mafuta ya kula.

Kisauni_Boy:
Maji na mafuta yatosha, mbona mwajisumbua? Mie natia matone 20 kwa chupa, natikisa, napuliza, mwaka wa pili huu. Ya nini kununua makemikali?

BintiChakeChake:
@Kisauni_Boy kaka yangu nakuomba usimwambie mtu hivyo bila kumuuliza mafuta gani. Mie yalinikuta. Mamaangu mdogo aliniletea mafuta ya karafuu kutoka Pemba, mazuri wallahi, nikatia kwenye chupa ya plastiki na maji, nikaiweka siku mbili. Wageni wakawa njiani nikaichukua mbio nikapuliza sebuleni bila kutikisa, nikidhani mafuta yako juu nitapata maji yenye harufu tu, kumbe ya karafuu ni mazito kuliko maji yanazama chini, na ule mrija wa spreya unanyonya chini kabisa! Ikatoka karafuu tupu. Meza yangu ya mninga niliyoipaka vanishi mwezi ule ule ikaingia madoadoa meupe, ukigusa inanata, mkono ukawasha mpaka usiku, na mwanangu alikuwa pale pale anachezea zulia, nikamkimbiza nje naye anakohoa. Fundi alikwangua meza nzima akaanza upya. Tangu siku hiyo maji matupu sitii.

Kisauni_Boy:
Mafuta huelea juu ya maji, hilo hata mtoto ajua.

FundiManukato:
Mengi ndiyo, mchaichai na mkaratusi yanaelea. Karafuu na mdalasini yanazama. Na hata yakielea si salama, unapuliza maji wiki tatu halafu chupa ikikaribia kuisha ndiyo yanatoka mafuta matupu.
MamaTabata, kwa chupa ya mililita 100 mimi naanza na mafuta matone 20 hadi 30, juu yake spiriti safi ya hospitali, nazungusha mpaka yayeyuke, maji nayaweka mwisho tena kidogo kidogo. Ukiona imegeuka nyeupe kama tui maji yamezidi, mafuta yameanza kujitenga, itabidi utikise kila mara. Ile spiriti ya zambarau ya kuwashia taa usiiguse, ina methanoli, pombe yenye sumu. Na usipulize jiko likiwa linawaka.

Mdau_Mbezi:
Konyagi je? Ninayo ndani.

FundiManukato:
Konyagi ni asilimia 35, iliyobaki karibu yote ni maji. Haiyeyushi vizuri.

Mdau_Mbezi:
Na maji ya betri?

BintiChakeChake:
Yale yaliyosafishwa ya kuongezea sawa, ila soma kibandiko mara mbili, pembeni yake wanauza asidi na chupa zinafanana.

Kisauni_Boy:
Maji ya kuchemsha yatosha bana.

MzeeWaUbani:
Wajukuu, haya yote ya nini? Chetezo, kaa moja, ubani kidogo, fungua kabati uingize moshi. Harufu ya masika inaondoka jioni hiyo hiyo.

BintiChakeChake:
Babu moshi nao unakaba kwa mwenye pumu. Ila udi kwenye nguo hapo sibishi.

MamaTabata:
Asanteni sana, nimerudi. Spiriti nimepata, chupa nimechukua za kioo cheusi, polisobeti nimezunguka maduka manne sijaiona. Nilisahau kusema, mdogo wangu anahamia kwangu Jumamosi na mwanawe wa miezi minane. Na paka ninaye.

FundiManukato:
Hayo ndiyo niliyouliza mwanzo dada! Mkaratusi weka pembeni kabisa, kwa mtoto wa umri huo unaweza kuleta shida ya kupumua, na ini la paka haliwezi kusafisha mafuta mengi ya aina hii. Hata mchaichai usipulize chumba anacholala mtoto. Fungua madirisha, anika makochi jua likitoka.

MamaTabata:
Jua lenyewe liko wapi wiki hii. Basi kwenye kabati tu nipulize mchaichai?

Kisauni_Boy:
Kabatini weka karafuu kavu kwenye kitambaa, hazihitaji spiriti.

BintiChakeChake:
Hapo umenena kaka. Ila ifunge vizuri paka asiichezee.

Mdau_Mbezi:
Mzee ule ubani unanunua wapi, wa Somalia au wa Oman?

MzeeWaUbani:
Wa Oman mjukuu wangu, ule mweupe wa vipande vikubwa. Uko mkoa gani nikuelekeze?