Land Rover Series IIA haina kadi, nithibitisheje namba ya chesisi?

MsasaMwekundu:
Wakuu, heshima kwenu. Nafufua Land Rover Series IIA, 88 (yaani inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) ya petroli, usukani kulia. Kadi ya gari haipo. Namba ya chesisi kwenye kibao chake inaanza na 242 na kuishia na herufi C, lakini riveti za kibao ni mpya. Namba ya injini nayo haifanani na ya chesisi. Nianzie wapi?

Chuma_Kwanza:
Injini isikutishe. Kwa gari hizi namba ya injini na ya chesisi zina mfululizo tofauti, hazikukusudiwa kufanana. Cha kutilia shaka ni kibao: mtu mwenye drili anakihamisha kwa dakika chache.

Namba yenye uzito ni iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, pembe ya mbele ya chesisi upande wa kulia, pale springi inaposhikwa. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Ondoa grisi kwa mafuta ya taa, rangi kwa dawa ya kutolea rangi, kisha brashi ya waya ya mkono. Mulika tochi kutoka ubavuni, siyo usoni. Paka chaki halafu futa juu juu, itabaki ndani ya alama. Mwisho weka karatasi nyembamba na usugue kwa penseli.

Grainda na kupuliza mchanga ni marufuku hapo, tafadhali sana! Chuma kilicho chini ya namba kilibanwa ilipogongwa, na maabara ya polisi inaweza kuisoma kwa asidi hata ikifutika juu. Ukisaga, unaondoa na hicho.

Gia_Kubwa:
Kwenye IIA, 241 ni 88 ya petroli ya soko la Uingereza, 242 ya kuuzwa nje yenye usukani kulia, 243 ilisafirishwa vipande ikaunganishwe kwingine, 244 ya nje yenye usukani kushoto. Kwa hiyo kibao chako hakipingani na gari, ingawa hilo halithibitishi kuwa ni chake. Herufi ya mwisho huonyesha mabadiliko yanayogusa vipuri, siyo mwaka.

Ukishapata namba, omba cheti cha kumbukumbu za gari British Motor Museum, makumbusho ya magari ya Gaydon, Uingereza. Ni cha kulipia. Hutaja tarehe ya kuundwa, gari lilikopelekwa, rangi na namba ya injini ya awali. Hapo ndipo utajua kama injini ilibadilishwa.

Fomu ikidai namba ya chesisi ya herufi na tarakimu 17 usijazie sifuri. Mfumo huo ulienea kuanzia miaka ya 1980, IIA ikiwa imeshaacha kuundwa. Andika namba kama ilivyo na uambatanishe karatasi ya penseli.

MsasaMwekundu:
Nimesafisha. Pembe ya kulia ina mshono wa kulehemu na hakuna namba kabisa.

Chuma_Kwanza:
Basi pembe ilioza ikabadilishwa, na namba ikaondoka na kipande cha zamani. Kitafute kwa aliyelehemu. Usigonge namba mwenyewe hata kama una uhakika nayo, kwani mkaguzi ataiona ni ya kughushi. Anza polisi, wahakikishe gari halitafutwi. Kisha nenda mamlaka ya usajili na namba ya zamani ya pleti. Daftari la zamani huenda likafunguka kwa pleti pale chesisi inapogoma. Waombe wajaribu 8 badala ya B na 1 badala ya 7, makarani walikuwa wakinakili kwa mkono. Ikishindikana, omba wakupangie namba mpya, na igongwe mbele yao.