MJADALA: Timu iliyopigwa mechi 121, ijengewe uwanja mpya kwa kodi za wananchi?

Mleta mada (Chicago, upande wa kusini)

Wakuu, salamu. Najua kwa wengi wenu besiboli ni mchezo wa kwenye filamu tu, lakini hili nalileta kwa sababu linahusu pesa ya umma.

White Sox, timu ya mtaani kwangu, ilicheza mechi 162 msimu wa 2024. Ikashinda 41, ikapigwa 121. Tangu karne ya ishirini ianze hakuna timu ya ligi kuu ya Marekani iliyopigwa mara nyingi hivyo kwa msimu mmoja. Rekodi ya awali ilikuwa ya New York Mets wa 1962, mechi 120, na wale angalau walikuwa na kisingizio: klabu ilikuwa ndiyo kwanza inazaliwa. Hawa wetu wana zaidi ya miaka mia. Kuanzia Julai 10 hadi Agosti 5 walipoteza mechi 21 mfululizo. Na besiboli haina sare, kwa hiyo huwezi hata kujificha kwenye pointi moja ya ugenini. Kocha Pedro Grifol alifukuzwa siku mbili baada ya mkosi huo kukatika, utadhani walisubiri ashinde ndipo wamwage kwa heshima.

Sasa sikilizeni hili. Februari 2024, kabla msimu haujaanza, mmiliki Jerry Reinsdorf alikwenda Springfield, makao makuu ya jimbo la Illinois, kuwaeleza wabunge ndoto yake ya uwanja mpya katika eneo linaloitwa The 78, ardhi tupu kando ya mto karibu na katikati ya jiji. Kiasi kilichotajwa na vyombo vya habari kama mchango wa umma ni takriban dola bilioni 1. Anaotumia sasa nao ulijengwa na umma, ukafunguliwa 1991. Mkataba wake wa pango unaisha 2029.

Msimamo wangu: asipewe hata senti. Nanyi semeni.

Mdau wa Dodoma

Ngoja kwanza mkuu. Wamepigwa 121, halafu mwaka uliofuata bado wako ligi kuu? Hawashuki daraja?

Mleta mada

Hawashuki. Ligi ina klabu 30, zimejifungia ndani, ufunguo wanao wenyewe. Mwaka 2025 White Sox walikuwepo kama kawaida, wakapigwa 102, na watu huku wakasema afadhali.

Na hapo ndipo penye hoja yangu, ngoja niieleze vizuri. Kwa kandanda tuliyoizoea, mmiliki anayeua timu anakutana na adhabu: anashuka, mapato yanakauka, wachezaji wanamkimbia. Huku kila klabu inaweka karibu nusu ya mapato yake ya ndani kwenye chungu kimoja na wote 30 wanagawana sawa, juu yake kuna pesa za televisheni za taifa. Reinsdorf na wenzake waliinunua timu 1981 kwa takriban dola milioni 20. Mwaka wa aibu, jarida la Forbes liliikadiria kuwa na thamani ya dola bilioni 2 hivi. Apigwe 41, apigwe 121, thamani inapanda. Kwa hiyo nani atamshusha daraja? Daraja pekee lililobaki ni mlango wa hazina ya jimbo. Tukiufungua na huo, basi tena.

Mdau wa Mombasa

Ndugu yangu, machungu yako nayaelewa, lakini wachanganya mambo mawili. Uwanja hukaa miaka thelathini, arobaini. Msimu ni miezi sita. Huwezi kuamua la miaka arobaini kwa hasira za miezi sita.

Tazama historia. Detroit Tigers walipigwa 119 mwaka 2003, na 2006 wakacheza fainali ya World Series. Houston Astros walipigwa 111 mwaka 2013, wakawa mabingwa 2017. Baltimore walipigwa 115 mwaka 2018, wakashinda 101 mwaka 2023. Kuporomoka ndiyo njia ya kujijenga upya katika ligi hiyo: wauza wazuri wako, wakusanya vijana, wasubiri. Na hao White Sox walianza 2024 kwa mikosi. Luis Robert, Yoán Moncada na Eloy Jiménez, vigogo watatu wa upigaji, wote waliumia ndani ya wiki chache za mwanzo. Timu gani ingesimama?

Tena ni huyuhuyu Reinsdorf aliyewaletea ubingwa wa 2005, wa kwanza tangu 1917. Miaka 88 ya ukame aliikata yeye. Hata Papa Leo XIV, mwana wa Chicago, alinaswa na kamera akiwa jukwaani kwenye mechi ya kwanza ya fainali ile. Mbona hilo hamlisemi?

Mdau wa Rogers Park, Chicago

Papa ni wa kwenu mfungeni kwenye kanga, sisi wa kaskazini tuna Cubs 😂

Lakini nitoe ushahidi. Familia ya Ricketts, wamiliki wa Cubs, nao waliomba pesa ya umma kukarabati uwanja wao wa Wrigley Field. Walipokosa, walitafuta zao na kazi ikafanyika. Uwanja upo, umejaa. Na hiyohiyo The 78 ambayo Reinsdorf anaitaka, Juni 2025 timu ya kandanda ya Chicago Fire ilitangaza itajenga hapo uwanja wa dola milioni 650, na mmiliki wake Joe Mansueto akasema anagharamia mwenyewe. Kandanda! Mchezo ambao Wamarekani wanautania. Wa kandanda ana pesa, wa besiboli hana?

Mdau wa Mombasa

Mansueto ana utajiri wake mwingine na ajenga uwanja wa watu elfu ishirini na kitu. Si kipimo kimoja hicho.

Mdau wa Kampala

Nyinyi mnaosema besiboli hatuijui, mwaka 2012 watoto wetu wa Lugazi walifika Marekani kwenye World Series ya watoto, timu ya kwanza kutoka Afrika. Swali langu ni dogo: pesa za wachezaji zinakwenda wapi? Nasikia wanalipwa mamilioni.

Mleta mada

Hongera zenu Kampala. Mkataba mkubwa kuliko wote katika historia ya White Sox ni wa Andrew Benintendi, dola milioni 75 kwa miaka mitano. Kwa huku hiyo ni ya kawaida sana. Klabu nyingine zinatoa mamia ya milioni kwa mtu mmoja. Klabu ya jiji la tatu kwa ukubwa Marekani haijawahi kumlipa mchezaji milioni 100. Nadhani umenielewa.

Na wewe wa Mombasa, mfano wako wa Astros una kasoro. Kujijenga upya White Sox walishajijenga! Walianza 2016 kuuza mastaa, wakamtoa Chris Sale, wakapata vijana, na 2021 wakashinda 93 wakaongoza kundi lao. Matunda yalikuwa mezani. Katikati ya hapo mmiliki akamrudisha rafiki yake Tony La Russa kufundisha, mtu aliyekuwa hajakaa kwenye benchi la ufundi tangu 2011, eti kwa sababu alijuta kuachana naye mwaka 1986. Mwaka 2023 wakapigwa 101, wakafukuzwa wakubwa wawili wa ufundi, na mrithi akachukuliwa humohumo ndani, Chris Getz. Majeruhi hawachagui meneja.

Mzee wa Minneapolis

Wanangu, hamkuwepo, niwape la 1988. Nilikuwa mwanafunzi Illinois wakati huo.

Mji wa St. Petersburg, Florida, ulikuwa tayari unajenga uwanja wenye paa, unaisubiri timu. Reinsdorf akawaambia Illinois: nijengeeni au naondoka. Muswada ulitakiwa upite bungeni kabla ya saa sita usiku, Juni 30. Gavana James Thompson alizunguka ukumbini akiwabembeleza wabunge mmoja mmoja. Saa sita ikafika, kura hazijatosha. Unajua walichofanya? Walisimamisha saa. Kura zikapita kwa saa ya bunge ambayo ilikuwa haijafika saa sita, huku nje watu wakiwa wameshaingia Julai.

Nyumba za watu weusi wa South Armour Square zikavunjwa kupisha uwanja. Comiskey Park wa zamani, uliosimama tangu 1910, ukabomolewa; leo ni maegesho ya magari. Siku ya kufungua mpya, Aprili 1991, Detroit wakawapiga 16–0. Detroit haohao ndio waliowapiga ile ya 121, Septemba 27, 2024, kwa 4–1, na ushindi ule ukawapeleka kwenye mtoano. Mimi si mtu wa ushirikina, lakini.

Kwa hiyo hii filamu nimeshaiona. Safari hii St. Petersburg inaitwa Nashville. Mwishoni mwa 2023 mmiliki alionana na meya wa huko, na ikahakikishwa kwamba watu wote wanajua wameonana.

Mdau wa Mombasa

Shikamoo mzee. Hadithi yako ni tamu lakini yanisaidia mimi. Vitisho vingine si vitisho. Waulizeni Oakland. Walivutana miaka na timu yao, Athletics, na Septemba 26, 2024 ikacheza mechi ya mwisho kwenye uwanja wa Coliseum. Jimbo la Nevada limewapa hadi dola milioni 380 za umma wahamie Las Vegas. Na ni kwenye uwanja huohuo wa Oakland White Sox walikokatia mkosi wao wa mechi 21. Walishinda kwenye nyumba inayohamwa! Mwataka na yenu iwe hivyo?

Halafu Juni 2025 wametangaza makubaliano na Justin Ishbia: kuanzia 2029 Reinsdorf anaweza kumwachia timu, na baada ya msimu wa 2034 Ishbia anaweza kuichukua mwenyewe. Mmiliki mpya yuaja. Uwanja ungekuwa wa jimbo, si wa Reinsdorf. Kwa nini mumuadhibu mwanakijiji kwa kosa la jumbe aliye njiani kuondoka?

Mdau wa Dar

Naongeza. Uwanja wa Mkapa ni wa serikali, Simba na Yanga wanakodi, na hakuna anayelia kodi yake imeliwa. Kwani uwanja wa umma ni dhambi?

Mleta mada

Si dhambi, kaka. Ila Mkapa anacheza Simba, anacheza Yanga, inacheza Taifa Stars. Na hakuna siku Yanga wameiambia serikali tujengeeni mwingine la sivyo tunahamia Lusaka, mkaita timu hiyohiyo Yanga ya Zambia. Huku mwenye timu anaibeba jina, rangi na kila kitu kama sofa.

Wa Mombasa, hoja ya Ishbia ndiyo nzito kuliko zote ulizoleta, nakiri. Lakini inanisukuma upande wangu. Kama mmiliki mpya anakuja 2029 au 2034, basi tumsubiri huyo, tujadiliane na huyo. Uwanja mpya uliolipiwa leo hauongezi bei ya uwanja, unaongeza bei ya timu. Na mwenye kuuza timu ni nani? Pesa ya kodi ya hoteli na ya mlipakodi itaingia kwenye hati ya mauzo ya Reinsdorf.

Mdau wa Mombasa

Hapo umenibana kidogo. Nitafikiri. Lakini nijibu moja kwa ukweli: wakihama, mwanao utampeleka wapi?

Mleta mada

Itaniuma, sitakudanganya. Wiki ya mwisho ya nyumbani, Septemba 2024, nilimpeleka dhidi ya Angels. Walikuwa wameshapigwa 120, watu wamekuja kuiona ya 121 kama wanaokuja kuona ajali. Jukwaa zima linaimba "uza timu, uza timu". Ghafla vijana wakapindua matokeo, wakashinda, tena Angels wakafagiwa mechi zote tatu, ikabidi aibu ikavunjiwe Detroit. Mwanangu, miaka tisa, akaniuliza: "Baba, sasa tunawazomea au tunawashangilia?" Nilikuwa nimeshasimama nashangilia.

Mdau wa Dodoma

Samahani wakuu, nimesoma yote. Yaani kweli kabisa hawashuki?