Mjadala: Tasnifu ikishapita, iwekwe wazi kwa kila mtu au ibaki kabatini?

Mleta mada (mkutubi, chuo kimoja Tanzania)

Wakuu, salaam. Chuo ninakofanyia kazi sikitaji, ila hoja iliyopo mezani kwetu nadhani ipo kwa wengi. Inapendekezwa kwamba mwanafunzi wa uzamili au uzamivu asivae joho kabla hajakabidhi nakala laini ya tasnifu yake, nayo iwekwe kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo ikiwa wazi kwa yeyote mwenye bando. Wahadhiri wamegawanyika katikati. Wanafunzi wengi wanauliza kama kuna ada mpya.

Msimamo wangu: iwekwe wazi. Lakini nina nyongeza, nitafika.

Nianze na kabati. Kwetu tasnifu zinakaa kwenye chumba chake, jalada jeusi, maandishi ya dhahabu mgongoni. Ukitaka kusoma unaacha kitambulisho, unasaini daftari, unakaa pale pale. Kutoka nayo marufuku, kupiga picha marufuku. Mwezi uliopita nilifungua lile daftari kutafuta ni nani aliyesoma mara ya mwisho tasnifu moja ya skimu za umwagiliaji wa mpunga. Nikakuta saini yangu mwenyewe, siku niliyoikagua kama ina kurasa zote.

Sasa toka getini, vuka barabara, ingia steshenari. Kuna flashi. Utaulizwa, "Unataka ya elimu, ya biashara au ya maendeleo ya jamii?" Bei maelewano. Jalada unabadilishiwa papo hapo. Kwa maana hiyo tumemfungia msomaji mwaminifu, mwizi tumemwachia dirisha. Na programu ya kukagua wizi wa maandishi inalinganisha na kile inachokiona tu. Ya kabatini haiioni, kwa hiyo aliyeinakili anapita akiwa msafi kabisa.

Wala si kwamba tunabuni gurudumu. SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine pale Morogoro, wana hifadhi yao ya kidijitali, SUAIRE, chini ya Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine. Chuo Kikuu Huria wana hifadhi yao, Muhimbili na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) vilevile. Azimio la Budapest la mwaka 2002, la kufungua kazi za kitaaluma kwa wote, lilitaja njia mbili: majarida yaliyo huria yenyewe, yaani yanayosomwa bure, na mwandishi kujihifadhia kazi yake mahali pa wazi. Njia ya kwanza siku hizi inaweza kukutoa roho. Jarida la Nature lilipotangaza ada yake ya kuchapisha huria mwaka 2020, ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja. Njia ya pili haimgharimu mwandishi hata senti. Inamgharimu mkutubi.

Na hapo ndipo penye nyongeza yangu. Watu wanadhani mkutubi wa hifadhi ni mpakiaji: pokea faili, bonyeza, kanywe chai. Nina tasnifu za miaka ya themanini na tisini ambazo aliyepita alizipiga skani kama picha. Moja ina megabaiti 64. Google Scholar inashauri faili isizidi megabaiti 5, na picha isiyopitishwa kwenye programu ya kutambua herufi haina neno hata moja la kutafutika. Iko mtandaoni, lakini imezikwa. Kuifufua ni kuipitisha upya, kusahihisha herufi zilizosomwa vibaya (jina la Ng'ombe hutokea kama Ng0mbe, msinicheke), kupunguza uzito, kuandika ikisiri (muhtasari wa mwanzoni) kama haipo, kuweka maneno ya kutafutia. Nikiharakisha, tatu kwa siku. Tuko wawili.

Halafu kuna upande wa pili ambao katika pendekezo umepewa mstari mmoja: "wanafunzi wapewe mafunzo ya matumizi ya maktaba." Tunavyofanya sasa ni saa moja wiki ya kwanza, ukumbi umejaa, kipaza sauti kinakoroma, watoto wamechoka na foleni za usajili. Wiki jana kaja kijana wa mwaka wa tatu na orodha ya marejeo kumi na mbili, anaomba nimtafutie. Jarida lipo. Juzuu lipo. Nikafungua ukurasa aliouandika, nikajikuta katikati ya makala ya mtu mwingine kuhusu jambo jingine kabisa. Tukaenda ya pili, ya tatu. Saba kati ya kumi na mbili hazijawahi kuandikwa na binadamu. Alipewa na programu ya akili bandia, na yeye hakuwahi kufundishwa kwamba rejeo ni kitu unachokifungua kabla hujakitaja.

Swali langu kwenu: sheria ipite ilivyo? Toeni nondo.

Mhadhiri, sayansi ya jamii

Mkutubi, nakuheshimu, lakini unauza mbuzi kwenye gunia. Nina sababu tatu za kupinga.

Mwanafunzi wangu mmoja anataka kugeuza tasnifu yake kitabu. Mchapishaji gani atamwaga fedha kwenye kitu kinachopatikana bure? Pili, yapo majarida yanayouliza kama kazi imeshatolewa mahali popote. Umemwekea kikwazo kabla hajaanza. Tatu, na hili wengi hawalisemi hadharani: ubora. Nimekaa kwenye bodi za utetezi, najua kilichopita na kilivyopita. Ukianika zote, unaanika na zile ambazo msimamizi alisoma sura ya kwanza tu. Mimi nasema zichujwe. Bora ziwekwe, nyingine zipumzike.

Mwanafunzi wa uzamivu, Eldoret

Mwalimu, shikamoo. Niruhusu nikupinge kwa adabu.

Kwetu Kenya miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya 2014 ilidai makala mbili kwa anayemaliza uzamivu na moja kwa wa uzamili, kwenye majarida yenye wahakiki. Nia nzuri. Ila fikiria mtu amebakisha miezi minne, karo imekatika, na hana hata makala moja. Ndipo baruapepe inaingia: "Mtafiti mtukufu, tumevutiwa na kazi yako." Nilituma Jumatatu. Alhamisi nikajibiwa imekubaliwa, hakuna hata koma iliyosahihishwa. Nililipa kwa dola. Mwaka uliofuata tovuti ilikuwa haifunguki, na makala yangu ikaenda nayo.

Baadaye kabisa mkutubi wetu alinionyesha vitu ambavyo nilikuwa naweza kuviona mwenyewe kwa dakika ishirini: bodi ya wahariri yenye majina ya watu wasiojua kama wamo, anwani ya ofisi ambayo ni nyumba ya mtu, jarida linalochapisha uhandisi na fasihi katika toleo moja. Nilimwuliza kwa nini hakuna orodha ya majarida ya aina hiyo tukayakwepa. Akaniambia ilikuwepo, ya mkutubi wa Colorado, Jeffrey Beall, ikaondolewa mtandaoni Januari 2017, na hata ilipokuwepo ililalamikiwa. Kwa hiyo lazima ujue kupima mwenyewe.

Hayo nilipaswa kufundishwa mwaka wa kwanza wa uzamili, si baada ya kuliwa. Na kuhusu kuchuja: tasnifu yangu ikijulikana kwamba itasomwa na dunia, msimamizi wangu naye atasoma sura ya pili.

Mwenye steshenari

Mnatuonea bure. Sisi tunachapa anachokuja nacho mteja. Hiyo flashi tuliijaza wenyewe? Waulizeni waliotuletea.

Msomaji, Bujumbura

Mimi nasomea Kiswahili. Juzi natafuta kazi za sintaksia ya Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili. Ya kwanza niliyoiona ilikuwa na jina tu na ikisiri, mengine "wasiliana na maktaba." Niliandika, sikujibiwa. Nauli ya kwenda Dar kusoma kurasa arobaini sina. Naomba hilo nalo liingie kwenye hesabu zenu, mnapojadili kama vile wasomaji wote wako hatua chache kutoka kabatini.

Mtafiti wa mimea dawa

Mimi siko kwa mkutubi wala kwa mhadhiri. Nilifanya tasnifu ya dawa za asili. Ndani yake kuna majina ya mimea, namna ya kuandaa, kiasi, na majina ya vijiji. Bibi mmoja alinikalisha siku mbili, akanionyesha mzizi ambao hata wanawe hajawaonyesha. Aliridhia nimwandike kwa ajili ya "shule yako." Hakuridhia kampuni isiyojulikana ilikotoka isome namna ya kuchemsha, ikaja kuchimba kilima chote. Nilipotetea tasnifu, "wazi" ilikuwa ni kabati lenu na daftari. Leo mnabadili maana ya wazi, na bibi hayupo tena wa kuulizwa. Kwa mtu kama mimi sheria yenu inasemaje?

Mkutubi mwingine, maktaba ya chuo cha afya

Nakazia hoja ya ndugu yetu wa mimea kwa upande wa ridhaa. Yule kijana wa Kolombia, Diego Gómez, alipandisha mtandaoni tasnifu ya mtu mwingine mwaka 2011 ili wenzake wasome. Akashtakiwa kwa jinai, akiwa katika hatari ya kifungo cha miaka kadhaa, hadi alipoachiwa huru mwaka 2017. Nia njema haikumkinga na miaka ya kesi. Kwetu Tanzania sheria ya hakimiliki, Na. 7 ya 1999, kwa kawaida inaanza na mwandishi. Kwa hiyo hizo tasnifu za zamani unazozifufua, mleta mada, wenyewe wamekubali? Una karatasi zao?

Mleta mada (mkutubi)

Nimesoma zote. Nijibu zile zilizoniuma.

Mwalimu, kuhusu kitabu na jarida umenipata nusu. Kuna kufungia kwa muda: mwandishi anajaza fomu, faili lake linakaa kimya mwaka mmoja au miwili, jina na ikisiri vinaonekana. Muda ukiisha linafunguka lenyewe. Ila majarida mengi hayahesabu tasnifu kama chapisho la awali, na kuna tovuti ya bure inayoonyesha masharti ya majarida mbalimbali kuhusu kujihifadhia kazi. Kulitafuta jarida humo hakuchukui hata dakika kumi. Wahadhiri wanaokuja mezani kwangu kuniomba niwaangalizie ni wachache kuliko vidole vya mkono mmoja. Lakini kuchuja nakataa. Nani atachuja? Kamati ya walewale waliopitisha? Mficha uchi hazai, Mwalimu. Kama tasnifu ilistahili shahada, inastahili kusomwa. Kama haikustahili, basi kosa halikutokea maktaba.

Dada wa Eldoret, pole sana. Ulichosema kimenibadilisha kwenye jambo moja. Nilikuwa naomba kipindi kiwe cha saa mbili badala ya moja. Sasa naona ni makosa kuomba ukumbi. Naomba niingie darasani na mwalimu wa mbinu za utafiti, wiki ile wanayoandika mapitio ya kazi tangulizi, kila mtu na mada yake mkononi. Mtu hajifunzi kupima jarida ambalo halihitaji. Mwalimu mmoja wa kwetu alinikubalia muhula uliopita. Tulichukua aya moja iliyotolewa na akili bandia, tukawapa kazi ya kufungua kila rejeo. Walipogundua la kwanza halipo walicheka. Walipofika la nne, darasa lilikuwa kimya, na wengine walianza kufungua kazi zao wenyewe chini ya meza.

Wa Bujumbura: lile ombi lako limenifanya niangalie kwetu. Tasnifu zilizoandikwa kwa Kiswahili tulizipa maneno ya kutafutia ya Kiingereza tu, kwa sababu fomu ilikuwa na kisanduku kimoja. Ukiandika "sintaksia" hupati kitu. Nimeanza kuongeza ya Kiswahili leo asubuhi. Nimefika ya kumi na tisa.

Mwenye steshenari, hoja yako imepokelewa. Kweli kuna mlango wa ndani uliovuja, na sisi ndio wenye ufunguo.

Mwenzangu wa chuo cha afya: karatasi sina. Kwa zile za zamani, nimesimamisha kufungua. Naweka jina, ikisiri na barua fupi ya kumtafuta mwandishi. Wanne wamejibu. Watatu wamekubali, mmoja ameuliza kama anaweza kwanza kurekebisha sura ya tano. Nimemwambia hapana, ila anaweza kuambatisha maelezo.

Wewe wa mimea, kwako sina jibu la kanuni, kwa sababu pendekezo halina kifungu chako na nilikuwa nalitetea bila kuliona hilo. Kuziba majina ya vijiji hakutoshi. Mtu anayejua mmea unaota wapi atakipata kilima. Kufungia miaka miwili nako ni mzaha, mzizi haubadiliki kwa miaka miwili. Nilichokiandika kwenye barua yangu kwa kamati jana usiku ni kwamba tasnifu zenye maarifa ya namna hiyo zibaki kwa ombi la maandishi, na anayeamua asiwe mkutubi peke yake wala chuo peke yake, awepo mtu kutoka kule yalikotoka. Mwenyekiti amenijibu kwa neno moja: "Nani?"

Kama unamfahamu aliyebaki kwenye familia ya yule bibi, nitafute pembeni.