Naomba ushauri: bata mzinga wa Thanksgiving, oveni moja, wakwe Wamarekani wanakuja

MamaShufaa (Columbus, Ohio)

Wadau, salaam. Mwaka huu Thanksgiving, ile sikukuu ya Wamarekani ya kutoa shukrani, inaliwa kwetu. Mwanangu ameoa Mmarekani na wakwe wamekubali kuja, jumla watu 13, wanne kati yao watoto. Tunakaa nyumba ya kupanga, oveni moja ya kawaida na friji moja. Bata mzinga nimemwagiza bucha la halali, paundi 14, atakuja ameganda. Pilau na kachumbari havinipi shida. Ninachotaka kujua ni lini nimtoe kwenye friza, nimpikeje kidari kisikauke, na vile vyakula vyao vingine vitapitaje kwenye oveni hiyohiyo vyote viwe vya moto saa tisa alasiri. Na boga la pai, ninunue bichi au la kopo? Natanguliza shukrani.

FundiJiko

Mama, panga oveni kwanza, ndege baadaye. Bata wa paundi 14 akiokwa mzima kwa nyuzi 325 za Fahrenheit anakula saa tatu na nusu mpaka nne kasoro, na muda wote huo hakuna trei nyingine itakayoingia. Kwa hiyo mpasue. Kata kwa mkasi wa jikoni pande zote mbili za uti wa mgongo, kuanzia mkiani hadi shingoni, mgeuze kidari kiwe juu, kisha mkandamize katikati kwa viganja viwili mpaka mfupa ulie "ko!" na alale bapa. Kama mkono hauna nguvu, mwambie muuza bucha akutolee huo uti kwa msumeno, ila usiache kuuchukua. Utapikia supu.

Kidari cha ndege mzima hukauka kwa sababu kinaiva kabla ya paja. Paja limejificha chini, karibu na maungio, joto linachelewa kufika. Ukingoja liive, kidari kimeshapita. Akilala bapa, mapaja yanapata joto sawasawa na mwili wote. Kwa nyuzi 425 ataiva kwa dakika 80 hadi 100.

Chumvi: siku moja au mbili kabla, mkaushe kwa karatasi za jikoni, kisha mpake chumvi laini, kijiko kimoja cha chai kwa kila paundi mbili za nyama. Huyo wako ni vijiko saba. Nyingi iende kidarini na mapajani, na kidogo uipenyeze chini ya ngozi. Mweke kwenye trei ndani ya friji bila kumfunika, rafu ya chini kabisa asidondoshee vyakula vingine. Ngozi ikikauka hivyo ndiyo inatoka kavu na kulia mdomoni. Lakini soma kwanza maandishi madogo ya kwenye mfuko: ndege wengi wa madukani wameshadungwa maji ya chumvi kiwandani. Akiwa wa aina hiyo, acha chumvi kabisa, paka pilipili manga, kitunguu saumu na siagi tu.

Kwenye trei tandika vitunguu, karoti na seleri (figili za majani) zilizokatwa vipande vikubwa, mimina vikombe viwili vya maji, kisha wavu juu, ndege juu ya wavu. Usiruke hatua ya maji. Mafuta yakidondokea trei kavu kwa nyuzi 425 yanaungua, na king'ora cha moshi kitaita jengo zima. Oveni nayo isafishwe siku mbili tatu kabla, kwa sababu hiyohiyo.

Usipime kwa saa, pima kwa kipimajoto cha nyama. Chomeka sehemu nene ya kidari na ya ndani ya paja bila kugusa mfupa. Kote kukifika 165 (Selsiasi 74), toa. Anza kupima dakika ya 70. Kile kidude cha plastiki kinachoruka chenyewe kwenye baadhi ya ndege usikitegemee, mara nyingi huruka kidari kimeshakauka.

MzeeWaMinnesota

Naongezea kuyeyusha, maana hapa ndipo watu wengi wanakwama. Ndani ya friji hesabu saa 24 kwa kila paundi 4 hadi 5. Wa paundi 14 anahitaji siku tatu na ushee. Thanksgiving ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa hiyo mtie kwenye friji Jumamosi asubuhi. Jumanne jioni anakuwa tayari kupakwa chumvi, Alhamisi anaingia motoni.

Usimwache juu ya meza ya jikoni usiku kucha. Nje anayeyuka, ndani bado jiwe, na nyama ya nje imeshakaa kwenye joto ambalo vijidudu vinazaliana. Usimwoshe pia. Najua kwetu kuku lazima aoshwe kwa ndimu, lakini maji yanayoruka kwenye sinki yanapeleka uchafu wa nyama mbichi mpaka kwenye kachumbari yako. Moto wa 165 ndio unaoua.

Ndani yake kuna kijifuko cha firigisi, maini na moyo, na shingo huwa imesukumwa tumboni. Angalia pande zote mbili, ya shingoni na ya mkiani.

BintiMakunduchi

Dada, bata wa halali peke yake hatoshi. Kwenye meza yao kuna mitego minne. Viazi vitamu vinafunikwa marshmallow (peremende laini za sukari), na nyingi zina jelatini ya nguruwe. Tafuta zenye jelatini ya samaki au ya ng'ombe wa halali, au uache, weka njugu na sukari ya kahawia. Unga wa pai uliokwisha kusukumwa, baadhi una mafuta ya nguruwe. Mkate ule wa kujazia ndege mara nyingi huchanganywa na soseji. Na vanila ya maji imetengenezwa kwa pombe. Ipo ya unga.

Boga: la kopo, bila kuwaza. Boga kubwa la Halloween lina maji na nyuzi, pai inatoka tepetepe. Ukitaka bichi, nunua dogo tamu la pai, lioke, saga, kisha lichuje kwenye kitambaa saa nzima. Kwenye kopo soma vizuri: unataka boga tupu, siyo lile lililokwisha tiwa sukari na viungo.

Vipimo vya pai moja ya inchi 9 yenye kina: kopo moja la boga (gramu 425), kopo moja la maziwa mazito yasiyo na sukari (mililita 354), mayai mawili, sukari robo tatu kikombe, chumvi nusu kijiko cha chai, mdalasini kijiko kimoja, tangawizi ya unga nusu, karafuu robo. Robo, nasema! Sisi tuna mkono mwepesi kwa karafuu, na ikizidi pai inakuwa na harufu ya dawa ya meno. Dakika 15 kwa nyuzi 425, kisha 350 kwa dakika 40 hadi 50. Toa katikati kukiwa bado kunatikisika kidogo. Ukingoja kukaze kote, itapasuka juu ikipoa. Oka Jumatano, ipoe saa mbili, iingie friji, ina mayai na maziwa.

KakaEdmonton

Huku Kanada tulishamaliza, yetu ni Jumatatu ya pili ya Oktoba. Nakazia moja tu: mkwe akikuuliza "nije na nini?", usimjibu "njoo tu". Wao wanauliza kwa dhati, na asipoambiwa atabeba chupa ya mvinyo. Mtajie kitu: mikate midogo, pai ya tufaha, au maharage mabichi yaliyokwisha okwa.

MamaShufaa

Mungu awabariki. FundiJiko mwanangu, nipangie basi siku yenyewe. Na mkwe wangu mwanamke anapenda kumwona ndege mzima mezani, nimwambieje?

FundiJiko

Mpange kwenye sinia kubwa akiwa bapa, zungushia majani ya rosemary na vipande vya chungwa, picha itatoka. Ukimtaka mzima kwelikweli, basi vyakula vyote vya oveni vipikwe Jumatano na vipashwe bata akipumzika. Ila usimjaze mkate tumboni: nao lazima ufike 165, na ukiusubiri, kidari kimekwisha. Uoke kwenye bakuli lake.

Jumatano: pai. Kisha kranberi (matunda madogo mekundu machachu), mfuko wa aunsi 12 na kikombe cha sukari na kikombe cha maji, chemsha dakika kumi hadi zipasuke. Zitaonekana nyepesi, zikipoa zinaganda zenyewe. Halafu supu ya uti wa mgongo, shingo na firigisi, saa mbili moto mdogo. Maini usitie, yanaleta uchungu.

Alhamisi: saa sita kamili washa oveni. Saa sita na nusu ndege ndani. Pilau iwe juu ya jiko wakati huo. Saa nane kamili anatoka, anapumzika dakika 30 hadi 40 akiwa amefunikwa foili kwa kulegeza. Hapo shusha oveni hadi 375, ingiza viazi vitamu na bakuli la mkate kwa pamoja, dakika 35. Wakati huo tengeneza rojo: vijiko sita vya mezani vya mafuta yaliyodondoka kwenye trei, vijiko sita vya unga wa ngano, kaanga mpaka unukie, kisha mimina vikombe vinne vya supu ya moto kidogokidogo huku ukikoroga. Ukimwaga yote kwa mkupuo utapata madonge. Chumvi mwishoni, baada ya kuonja, maana mafuta yale yana chumvi tayari.

Kukata: ng'oa mapaja kwenye maungio, kisha toa kila nusu ya kidari nzima kutoka mfupani, ilaze ubaoni, ikate kuvuka nyuzi za nyama. Ukikata kwa kufuata nyuzi, hata iliyoiva vizuri itaonekana ngumu.

MamaShufaa

Na Jumatano asubuhi nikimkuta bado ameganda katikati?

MzeeWaMinnesota

Mfunge kwenye mfuko usiovuja, mzamishe kwenye sinki la maji baridi, badilisha maji kila dakika 30. Akiwa ameganda wote ni nusu saa kwa kila paundi, yaani saa saba. Akiwa ni katikati tu, saa moja au mbili. Maji ya moto hapana. Akishayeyuka kwa njia hiyo asirudi kukaa friji, apikwe mara moja, kwa hiyo kazi hiyo ya maji ifanye Alhamisi alfajiri, siyo Jumatano.

BintiMakunduchi

Na mabaki yaingie friji kabla ya saa mbili kupita tangu yatoke motoni, nyama ikiwa imetolewa mifupani. Yanakaa siku tatu hadi nne. Sambusa za Ijumaa hizo, dada.