Uhandisi: PCM kisha Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar), au diploma DIT/ATC kisha digrii? Presha inakaa wapi?

Ngazi_ya_Mianzi (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Naomba tulinganishe njia mbili, kwa wale wanaozijua nje ndani. Kijana ana matokeo ya Form Four: Hisabati B, Fizikia B, Kemia C. Kapangiwa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati za Form Five na Six), na pia anaweza kuomba diploma ya ujenzi au umeme, DIT (taasisi ya teknolojia) pale Dar au ATC (chuo cha ufundi) Arusha. Lengo ni digrii. Mambo ya ada nitayatafuta mwenyewe. Ninachouliza ni presha ya masomo: inambana mtu wapi, na kwa sababu gani? Maana kila aliyepita uhandisi ukimuuliza anakupa majibu mawili kwa pumzi moja, chuo kilimtesa na chuo kilikuwa kitamu.

Kalamu2H
Tuanze na hesabu ya miaka. PCM ni miaka 2 na digrii 4, jumla 6. Diploma ni 3 (ngazi za ufundi, NTA 4, 5 na 6) na digrii 4, jumla 7. Tofauti ni mwaka mmoja tu.

Mlangoni: kwa Form Six, TCU (tume ya vyuo vikuu) inataka principal mbili (masomo makuu uliyofaulu) zenye jumla ya pointi 4 (A ni 5, B 4, C 3, D 2, E 1), na kwenye uhandisi vyuo vinataka Hisabati ya Advance na Fizikia ziwemo. Kwa diploma ni GPA (wastani wa pointi) isiyopungua 3.0. Hicho ni kima cha chini tu. Kozi zinazogombaniwa zinafungwa juu zaidi ya hapo.

Sasa presha. PCM inakusanya kila kitu kwenye mtihani mmoja. Miaka miwili inaamuliwa na wiki chache za Mei. Diploma inakupima kila wiki: jaribio, ripoti ya maabara, kazi ya karakana, mahudhurio. Huku hakuna siku moja ya kutisha, lakini hakuna wiki ya kulala pia.

BintiWaNondo
Naongezea upande wa ujenzi. Kinachochosha watu mara nyingi ni tarehe kuliko ugumu wa somo lenyewe. Chukua jaribio la zege. Kundi linachanganya, linapima slampu, yaani ulaini wa zege mbichi (koni ya mm 300, tabaka 3, kila tabaka mapigo 25 ya fimbo), linajaza kalibu za mm 150, kesho yake mnatoa michemraba na kuizamisha majini. Mingine inavunjwa siku ya 7, mingine ya 28. Siku ya 7 ikiangukia siku ya jaribio la Hisabati, kundi zima linatazamana, kila mmoja akidhani mwenzake ameshaenda maabara. Mkichelewa mkavunja siku ya 10, andikeni 10. Kwenye grafu ya nguvu na umri nukta hiyo ina mahali pake, lakini 10 iliyoandikwa 7 inaharibu mstari wote.

Makosa mengine mawili yanayokula alama bure:

La kwanza, kuweka mchemraba kwenye mashine ule uso uliosawazishwa kwa mwiko ukiwa juu. Uso ule hauko bapa kama zile pande zilizogusa chuma cha kalibu, kwa hiyo mzigo unashika kwenye vichuguu na mchemraba unapasuka mapema. Ulaze, uso wa mwiko uwe ubavuni.

La pili ni vipimo. Mashine imesoma kN 450. Eneo ni 150 × 150, yaani mm² 22,500. Ukigeuza kuwa N unapata N/mm² 20. Usipogeuza unapata 0.02, na kuna watu wanaandika hiyo 0.02 kisha chini yake wanahitimisha kwamba zege "inafaa kwa nguzo". Mwalimu akicheka usimlaumu.

Mzee_wa_Karakana
Kwenye diploma, hasa mitambo, utakutana na tupa na jiriwa kabla hujagusa mashine yoyote. Unapewa kipande cha chuma laini, ukinyooshe mpaka pande ziwe pembe mraba. Unaweka skwea, unakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mwanga ukipenya kati ya skwea na chuma, rudi kwenye jiriwa. Wengi wanayumbisha tupa kama bembea, ndiyo maana katikati kunabaki kilima na kingo zinashuka. Jiriwa iwe usawa wa kiwiko. Kandamiza ukisukuma, legeza ukirudisha, kwa sababu meno yanakata upande mmoja tu. Na mwenye haraka anapita chini ya kipimo, hapo anaanza kipande kipya maana chuma hakiongezeki.

Aliyetoka PCM haya atayaona kwa wiki chache tu kwenye PT (mafunzo kwa vitendo) ya karakana. Anafaulu, sikatai, ila mkono wake haujazoea.

Kimbweta_Na3
Watu wanaogopa neno "sapu" (mtihani wa kurudia somo ulilofeli) bila kupiga hesabu. Tupige. Mlimani A inaanzia 70 (pointi 5), B+ 60 (4), B 50 (3), C 40 (2). Somo ulilorudia kwa sapu linaishia C hata ukipata 90. Chukua muhula wa krediti (uzito wa masomo) 60, na kila somo tuseme krediti 12.

Una B+ kote: GPA 4.0.
Sapu moja: (48 × 4 + 12 × 2) ÷ 60 = 3.6.
Sapu mbili: (36 × 4 + 24 × 2) ÷ 60 = 3.2.

Upper second (daraja la pili la juu) inaanzia 3.5. Kwa hiyo kwa muhula huo, sapu moja unabaki kwenye daraja lako, ya pili ndiyo inakushusha. Na hapa ndipo presha ya mwaka wa kwanza inapofanya uharibifu: mtu amekula sapu moja, anachanganyikiwa, anayaacha masomo mengine manne ili aokoe hilo moja, muhula unaofuata anakula mbili.

Hesabu ya pili ni CA (alama za majaribio na kazi za muhula), inayobeba 40, na UE (mtihani wa mwisho wa muhula) 60. Ukiingia UE na CA ya 12 unahitaji 28 kati ya 60 ili ufike 40. Ukiingia na 25 unahitaji 15. Vyuo vingine vinaweka kima cha chini cha UE peke yake, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako. Ila ukweli haubadiliki, usingizi wa wiki ya UE unanunuliwa wiki ya nne kwa majaribio madogo yale ambayo watu wanayadharau.

Na madesa (notisi za kukariri). Kukaa kimbwetani (benchi za kusomea nje) na past paper zilizokwisha kufanywa kunaleta raha ya uongo. Statiki (hesabu za nguvu kwenye vitu vilivyotulia) kwa mfano: egemeo la pini lina vipingamizi 2, la rola 1, lililofungwa kabisa 3. Mtunga mtihani anabadilisha rola kuwa pini, swali lote linageuka, na aliyekariri anaendelea na mistari yake ya zamani mpaka ukurasa wa tatu. Chora kwanza boriti peke yake na nguvu zote zinazoigusa, ndipo uandike mlinganyo.

SaketiWazi
Mzee wa Karakana amesema kweli lakini ameacha nusu. Mwenye diploma akifika digrii anateleza kwenye saketi na mashine, kisha anazama kwenye Hisabati. Laplace (njia ya kugeuza milinganyo ya kidifarenshia iwe aljebra) yenyewe haina ugumu mkubwa. Kinachomwangusha ni kupasua sehemu za kialjebra (partial fractions), kitu ambacho PCM amekifanya mpaka akakichoka. Anafunga mota ya sta-delta vizuri kabisa, ila intigrali inayotaka kugawanywa sehemu inamkwamisha nusu saa.

Upande wa pili, wa PCM anatoa jibu la Laplace safi, halafu maabara anaunga ammita sambamba na chanzo cha umeme. Upinzani wa ammita ni mdogo mno, mkondo wote unapita hapo, fyuzi inakwenda. Ammita ni mfululizo, voltimita ni sambamba. Kila mtu anaijua kwenye karatasi.

Kwa hiyo wa diploma atumie miezi kabla ya digrii kufanya mambo manne tu: intigrali kwa sehemu, kupasua sehemu za kialjebra, namba changamano, na milinganyo ya kidifarenshia ya daraja la kwanza. Maswali kumi kwa siku, kwa mkono, bila kuangalia jibu.

Jambo la mwisho. Bumu (mkopo wa chuo) likikosekana au nyumbani kukitokea jambo katikati ya safari, mwenye Form Six ana cheti ambacho hakimpi kazi ya ufundi. Mwenye diploma anasajiliwa ERB (bodi ya usajili wa wahandisi) kama fundi sanifu na anaomba kazi. Baada ya digrii wote wawili wanakutana palepale: mhandisi mhitimu, kisha mafunzo kazini ya SEAP ya miaka 3 kuelekea mhandisi mtaalamu. Hakikisheni tu programu mnayoomba inatambuliwa na ERB, na muangalie kabla ya kulipa ada.

Ngazi_ya_Mianzi
Shukrani wakuu. Kwa hiyo mwenye Hisabati B mnampeleka wapi?

Kalamu2H
Kama hiyo B ameipata kwa kuelewa, PCM. Kama ameipata kwa kukariri past paper, Advance itamuumbua ndani ya muhula mmoja, bora diploma. Mpe swali moja la maneno ambalo hajawahi kuliona, mwache nusu saa, angalia anaanzia wapi. Akianza kwa kuchora, mpeleke PCM. Akianza kwa kutafuta fomula, diploma.

SaketiWazi
Kipimo chako kikali mkuu 😂 Hata maprofesa wengine wangepelekwa diploma. Mimi naangalia pia mfuko: kama hakuna uhakika wa kusomeshwa miaka 6 mfululizo, diploma bila kujadili.

BintiWaNondo
Akienda popote, michoro ya kihandisi inamsubiri mwaka wa kwanza. Penseli 2H kwa mistari ya awali, HB kwa ya mwisho, bikari isiyolegea, seti-skwea ya 45 na ya 30/60. Rula ya T asimwazime mtu. Ukingo ukibonyea kidogo tu, kila mstari mlalo utapata kigongo palepale, na atakaa usiku mzima anafuta akidhani mkono wake ndio unatetemeka.