Mjadala: Je, usasi wa mbwa na nyavu usimamishwe kabisa katika misitu ya maweni ya Unguja?

Mtoa hoja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Hoja ninayoileta mbele yenu ni kwamba usasi, yaani uwindaji, wa mbwa na nyavu katika misitu ya maweni ya Unguja, ile inayoota juu ya mawe ya matumbawe, kuanzia Kiwengwa na Pongwe hadi Muyuni na Mtende, usimamishwe kwa mnyama wa aina yoyote, nguruwe akiwemo. Na kwamba wasasi wenyewe waajiriwe kwa ujira wa siku, kwa fedha zinazotokana na utalii, ili walinde makonde na msitu. Naziweka sehemu hizi mbili pamoja kwa makusudi, na siungi mkono mojawapo ikisimama peke yake.

Sheria tunayo. Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 kuhusu usimamizi na uhifadhi wa maliasili za misitu ndiyo inayoongoza mambo haya Zanzibar, kwa kuwa misitu na wanyamapori si jambo la Muungano, na ile sheria ya wanyamapori ya Bara ya mwaka 2009 haivuki bahari. Udhaifu ninaouona ni kwamba usimamizi wetu unatazama aina ya mnyama: huyu amelindwa, huyu ana msimu wake, huyu ni mharibifu na auawe. Wavu uliotandazwa msituni hauna uwezo wa kutofautisha. Mbwa walioachiwa kumfukuza nguruwe humtoa kichakani chochote kilichojificha humo, na mara nyingi kinachotoka ni paa, na baina ya paa hao yumo paa nunga.

Paa nunga ndiye ninayemtetea zaidi. Ni mnyama mdogo mwekundu, mwenye madoa meupe miguuni, aliyeingizwa katika vitabu vya elimu ya viumbe mwaka 1918, na hapana mahali anapopatikana duniani isipokuwa kisiwani kwetu na katika misitu michache ya pwani ya Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Unguja ilikadiriwa kuwa na maelfu yao, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 makadirio yalikuwa yameshuka hadi mamia. Wachache walipelekwa Chumbe ili angalau pawe na mbegu mahali ambapo mbwa hawafiki. Lakini Chumbe ni kisiwa kidogo mno, na mnyama aliyehifadhiwa pale kama akiba hawezi kuhesabiwa kuwa ameokolewa.

Sasa nieleze jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha mgogoro wote na halisemwi waziwazi. Msasi wa Unguja ni Muislamu. Akimuua nguruwe, humuacha pale pale, kwa sababu haliwi na takriban hana mnunuzi kijijini. Paa ni halali, huchinjwa, na nyama yake ina wateja. Kwa hiyo kundi la watu linalotumia siku nzima katika maweni, likikatwa na mawe na miiba, eti kwa ajili ya nguruwe tu, linafanya kazi isiyo na malipo, na malipo yake hutoka kwa paa. Tumekuwa tukiwaomba wasasi watuondolee waharibifu wa mazao, huku tukiwaachia wajilipe wenyewe kutoka katika hazina ile ile tunayosema tunailinda. Kibali cha nguruwe katika hali hiyo ni kibali cha paa, hata kama karatasi inasema vingine, na ndiyo maana nataka udhibiti uwe juu ya zana na juu ya malipo, wala usiwe juu ya jina la mnyama peke yake.

Naomba pia tusisahau yaliyompata chui. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kulifanyika kampeni ya kupambana na uchawi iliyoongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzi, na kwa kuwa watu wengi waliamini kwamba wachawi hufuga chui, mnyama yule akasakwa kisiwa kizima, naye akahesabiwa miongoni mwa waharibifu wanaostahili kuuawa. Mwaka 2018 ilitangazwa picha ya kamera iliyodaiwa kumuonyesha mmoja akiwa hai, lakini hadi leo wengi wa wanaolifuatilia suala hili wanamhesabu kuwa ametoweka. Chui alimalizwa kwa uamuzi ulioungwa mkono na serikali na wananchi kwa pamoja, mchana kweupe, kila mmoja akiamini kwamba anafanya jambo la kheri. Neno "mharibifu" likishaandikwa katika karatasi ya serikali, hufungua mlango ambao baadaye ni vigumu kuufunga.

Nawaomba mchangie.

Mchangiaji kutoka Mtende

Wa alaykum salaam, Maalim. Nimeisoma hoja yako kwa makini na nakushukuru kwa kumtaja msasi bila ya kumtukana, jambo ambalo si la kawaida. Hata hivyo sikubaliani nawe, na nitaeleza kwa nini.

Anayelima juu ya maweni hana shamba kama la watu wa Donge au Mahonda. Analima katika vifuko vya udongo baina ya mawe: mihogo hapa, kunde pale, mtama akibahatika. Nguruwe wakiingia usiku mmoja, asubuhi hukuta mashina yamepinduliwa na chakula cha miezi kadhaa kimekwisha. Mkulima huyo hawezi kumsubiri mtumishi wa ujira wa siku ambaye fungu lake halijapitishwa. Mbwa wake yuko naye usiku ule ule. Ukimnyang'anya mbwa leo na ukamuahidi mlinzi kesho, umemuachia njaa ya baina ya leo na kesho, na sote tunajua "kesho" ya ofisini inavyoweza kurefuka.

La pili ndilo linalotuuma zaidi. Sisi tuliozaliwa huku tumeshuhudia eneo kubwa la kichaka, kuanzia ukanda wa Paje na Jambiani hadi kwetu kusini, likifyekwa kwa ajili ya mahoteli na majumba ya kuuzwa. Kichaka kile kilikuwa makazi ya paa huyo huyo. Anayefyeka hupewa hati, hupigwa picha, na barabara huchongwa hadi mlangoni pake. Mwanakijiji akikutwa na paa mmoja begani huitwa mhalifu. Mimi sisemi kwamba kosa moja linahalalisha jingine. Nasema kwamba kijana anayeziona hukumu hizi mbili hawezi kuamini kwamba jambo linalolindwa ni paa. Ataamini kwamba ardhi inatayarishwa kwa ajili ya mtu mwingine. Na anapoamini hivyo, hatasasa mchana pamoja na wazee wanaojua pa kukoma. Atakwenda usiku kwa tochi na bunduki, peke yake, na hapana atakayejua amechukua nini.

Usasi wa pamoja ulikuwa na wakubwa wake na miiko yake. Ukiuvunja, uwe tayari kwa kitakachokuja badala yake.

Mchangiaji kutoka Wete

Naomba nichangie kutoka Pemba, kwa sababu hapa kwetu jambo linalofanana na hili limeshatokea na matokeo yake yanaonekana. Popo wa Pemba, yule mkubwa ambaye hapatikani popote duniani ila kisiwani kwetu, alikuwa akiwindwa kwa bunduki na mitego kwa ajili ya kitoweo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba wamebaki mamia tu. Kufikia 2007 walikuwa wamevuka 20,000, na mwaka 2008 akaondolewa katika daraja la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Kilichofanya kazi ni kwamba vijiji vyenye miti wanamolala popo viliunda jumuiya zao, bunduki zikadhibitiwa, na watu wakaanza kuona faida. Huko Kidike, hapa Pemba, mgeni hulipa kiingilio kuwatazama popo mitini, na fedha hubaki kwa watu wa pale. Mwenye mti ndiye aliyekuwa mlinzi. Kwa hiyo namuunga mkono mtoa hoja katika suala la malipo, ila namtahadharisha kwamba popo hutua mchana mahali pamoja na kila mtu akawaona, jambo linalorahisisha kuwahesabu na kuwaonyesha wageni. Paa nunga hujificha. Mgeni anaweza kukaa Muyuni wiki nzima asimuone hata mmoja. Huwezi kumtoza mtu kiingilio kwa mnyama asiyeonekana, na fedha za kumlinda itabidi zitoke mahali pengine.

Mchangiaji kutoka Mjini

Bara wana uwindaji wa kitalii wenye vitalu na leseni, na serikali hupata mapato. Kwa nini nasi tusiuze vibali vichache vya paa kwa wageni, kwa bei kubwa, fedha ziende shehiani, kwa wananchi wa eneo lenyewe?

Mchangiaji kutoka Makunduchi

Ndugu yangu wa Mjini, vitalu vya Bara vina ukubwa wa kilomita za mraba mamia na maelfu. Hifadhi yetu ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ina kilomita za mraba 50 tu, zikiwemo sehemu za mikoko. Hapana paa wa kuuza.

Nina maneno mawili kwa mtoa hoja. Kwanza, anaposema wasasi walipwe, aseme waziwazi kwamba watalipwa kwa siku za kazi na kamwe si kwa idadi ya vichwa. Ukimlipa mtu kwa kila nguruwe anayemleta, umempa sababu ya kutaka nguruwe wasiishe, na pia umempa sababu ya kuingia ndani kabisa ya msitu kuwatafuta, wakati tatizo liko ukingoni mwa makonde.

Pili, mjadala huu unazungumza kama kwamba msituni wanakwenda wanaume na mbwa wao tu. Wanawake wa kusini ndio wanaokata kuni, na wao ndio wanaozuiliwa kwanza kila msitu unapofungwa. Mahitaji ya kuni na makaa ya Mjini ndiyo yanayokifanya kichaka kuwa chepesi, na kichaka kikiwa chepesi paa nunga huondoka hata kama hapana mbwa mmoja anayebweka, kwa kuwa yeye hupenda msitu mnene uliokomaa. Mikataba ya misitu ya jamii iliyosainiwa na shehia zetu wakati wa mradi wa HIMA, yaani Hifadhi ya Misitu ya Asili, ilitenga maeneo ya matumizi na maeneo ya kufungwa kabisa. Hiyo ndiyo ramani ya kuanzia. Ujira wowote utakaotolewa uwafikie pia wanawake wanaoachia eneo lao la kuni, vinginevyo gharama ya uhifadhi itakuwa imebebwa na wao bila ya kuulizwa.

Mtoa hoja

Nawashukuru nyote, na nianze na mzee wangu wa Mtende, ambaye maneno yake ni mazito kuliko yote yaliyosemwa hapa.

Kuhusu mahoteli, sina la kukupinga. Naongeza katika hoja kwamba shehia isiombwe kufunga usasi katika eneo lolote ambalo serikali haijalifunga pia kwa ufyekaji wa uwekezaji. Kufungwa kuwe kwa wote au kusiwe. Bila ya sharti hilo mimi mwenyewe nisingethubutu kumtazama msasi usoni na kumuambia aweke wavu chini.

Kuhusu njaa ya baina ya leo na kesho, naukubali utaratibu ufuatao: mbwa wasiondolewe kondeni. Mbwa anayelinda mihogo usiku, akiwa amefungwa au akiwa na mwenyewe ndani ya mipaka ya konde, si tatizo la paa nunga. Ninachotaka kisimamishwe ni msafara wa mbwa na nyavu unaoingia katika msitu mkubwa. Tofauti hiyo ni rahisi kuisimamia, kwa sababu kundi la watu wenye nyavu huonekana na kijiji kizima likiondoka, ilhali kuthibitisha baadaye kwamba nyama iliyokwisha katwa ni ya paa nunga au ya paa wa kawaida ni kazi ngumu mahakamani.

Lakini kuhusu miiko ya wazee, mzee wangu, naomba uniruhusu nisikubali. Miiko hiyo ilikuwepo wakati paa walipokuwa wakishuka kutoka maelfu hadi mamia. Iliwekwa kwa ajili ya msitu mkubwa zaidi na watu wachache zaidi, na haikuwahi kukutana na soko la nyama lenye simu na pikipiki. Namuogopa kama wewe yule kijana wa tochi, na ndiyo sababu nataka wazee waliokuwa wakiongoza usasi wawe wa mwanzo kuajiriwa, kwa kuwa wao wanazijua njia zake zote.

Dada yangu wa Makunduchi nakubaliana naye kwa siku badala ya vichwa, na kwa ramani ya mikataba ya shehia. Juu ya fedha, ndugu wa Wete ametoa tahadhari sahihi. Paa nunga hataleta kiingilio, lakini kima punju, wale kima wekundu wa Unguja, wanakileta. Wageni wanaofika Jozani huja kwa ajili yao. Hesabu iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kwamba idadi yao inazidi 5,800, na sehemu ya mapato ya pale imekuwa ikienda kwa vijiji jirani na kwa wakulima ambao kima huingia mashambani mwao. Mgawo huo umebaki kwa vijiji vinavyopakana na Jozani, wakati Muyuni na Mtende, ambako paa nunga bado wapo, hawapati chochote. Hapo ndipo ninapopendekeza mabadiliko: sehemu ya kiingilio cha Jozani, pamoja na tozo ndogo kwa vitanda vya hoteli za ukanda wa kusini mashariki, iingie katika mfuko mmoja wa shehia zote zenye msitu wa maweni uliofungwa, usimamiwe na kamati za uhifadhi za vijiji, na hesabu zake zisomwe hadharani mbele ya sheha na wananchi kila baada ya miezi mitatu.

Mzee wangu, nakuuliza wewe kwanza: ikiwa fedha hizo zitawekwa katika mfuko kabla ya siku ambayo nyavu zitakusanywa, na ikiwa ufyekaji utafungwa siku hiyo hiyo, wasasi wa Mtende watakubali kukaa mezani?

Mchangiaji kutoka Mtende

Maalim, kwa masharti mawili hayo, kwa mpangilio huo huo ulioutaja, watakaa. Nyavu zitakusanywa mwisho, baada ya fedha kuonekana na baada ya mipaka ya ufyekaji kuwekwa alama. Na mimi naongeza la tatu: kamati iwe na wasasi wasiopungua nusu, na wachaguliwe na wasasi wenzao.