Uzamili wa ushauri nasaha: ari imekata kabisa, niahirishe mwaka?

Msaka_Utulivu: Wakuu, heshima kwenu. Niko mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza niliongoza darasa, siku hizi nikifungua tasnifu naishia kubadilisha ukubwa wa maandishi, nafunga. Mafunzo kwa vitendo nayo nakwepa. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Nahodha: Panga ratiba, mkuu. Mimi yangu niliandika alfajiri, mtoto mchanga mgongoni. Vijana mmelegea.

Dada_Mkubwa: Nahodha, hujaulizwa habari za mtoto. Mleta uzi, wanasaikolojia Deci na Ryan, wale wa kitabu cha 1985 kuhusu ari, wanasema mtu hujituma kwa moyo akiona uamuzi ni wake, kazi anaimudu na ana watu wa karibu. Kwako kimepungua kipi? Na ulianza kukwepa baada ya nini?

Msaka_Utulivu: Uchovu tu wa kawaida.

Dada_Mkubwa: Baada ya nini?

Msaka_Utulivu: Sawa. Nilipata mteja aliyefiwa na baba. Aliyoyasema ndiyo niliyoyasema mimi baba alipofariki. Nilimsikiliza mpaka mwisho, ila tangu hapo nikifika sura ya msiba nasoma mstari uleule mara tatu hauingii. Msimamizi sijamwambia, ataona sifai. Barua ya kuahirisha nimeshaandika, wateja nimeomba wapewe mwenzangu. Naona ndiyo busara, nitamsaidiaje mtu nikiwa hivi?

Fundi_Mawazo: Kumbe umeshaamua, unatafuta mashahidi.

Pilipili: Chai hii. Mteja aseme maneno yako yaleyale? Ni zoezi la darasani, sisi ndio sampuli.

Nahodha: Hata mimi nimehisi. Taja chuo.

Dada_Mkubwa: Asitaje chuo, na habari za mteja ziishie hapo, siri ni yake. Kiwe cha kutunga au cha kweli, wapo wanaosoma kimya yamewakuta. Mshauri kuguswa kidonda chake na mteja si ajabu, Freud, mwasisi wa uchanganuzi nafsi, aliliandika tangu 1910. Usimamizi upo kwa ajili hiyo, si alama tu. Mwambie msimamizi kabla ya barua, nawe utafute mshauri wako.

Msaka_Utulivu: Pilipili, ningekuwa natunga ningeweka na mwisho. Barua siichani, ila sijaipeleka. Dada, nianzie wapi, kwa mteja au kwa baba?

Dada_Mkubwa: Kwa mteja, yeye mnaye kwenye kumbukumbu za vikao. La baba litakuja lenyewe, usilizuie.

Nahodha: Pole ya mzee, mkuu. La ratiba nimelifuta.